Mwavuli Uliopigwa Pasi

Mama Mwavuli akiwa anakunja, haitikii salamu. Aingie daktari, aingie fundi umeme, aingie mama mkwe wake mwenyewe na mkongojo wake, wote watakuta mgongo umeinama juu ya meza ndefu na mikono miwili ikipapasa nailoni nyeupe pole pole, pindo kwa pindo, kama mtu anayemvalisha kichanga aliyelala. Hodi yako itabaki mlangoni. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hukaa pembeni akifunga kamba, ndiye balozi wake. "Anakunja," husema. "Kaa hapo. Akimaliza atakusalimu mpaka ujute kuja."

Na kweli. Akishafunga pindo la mwisho hugeuka na kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu uliokuwa ukiuma, za yule kuku aliyepotea, kana kwamba analipa deni na riba juu. Watu wa mtaa ule walishazoea. Katika mji ambao mtu anaweza kukununia mwaka mzima kwa kutomsabahi, mwanamke mmoja alipewa ruhusa ya kunyamaza, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba pindo likienda kombo mezani, kuna kitu kitakwenda kombo angani.

Alichokuwa akikunja ni parachuti, ingawa karakana nzima iliiita mwavuli. Haikuwa ya kumshushia mtu. Ilikuwa ya ndege nyuki, zile ndege ndogo zisizo na rubani, zenye mapanga yanayozunguka kama feni na sauti ya mzinga uliochokozwa. Ndege nyuki za mji ule zilibeba damu na dawa za hospitali. Ikitokea moja ikazimika angani, kifuniko cha mgongoni hufunguka, mwavuli ukaruka nje, na badala ya kudondoka kama tofali juu ya paa la mtu, nyuki ikashuka taratibu, kama mgeni anayejua kwamba yuko ugenini.

Mama Mwavuli hakuanza na miavuli. Alianza na viti. Akiwa msichana aliajiriwa kushona vitambaa vya viti katika shirika la ndege la taifa, enzi ambazo serikali ilinunua ndege kubwa kwa sababu jirani alikuwa nazo. Ndege zilikuwa nzuri. Marubani walikuwa wazuri. Viti, kwa maneno yake mwenyewe, vilikuwa vizuri kuliko vyote viwili. Kilichokosekana ni abiria, maana nauli ya safari moja ingetosha kumwoza kijana, na hakuna aliyekuwa na haraka kiasi hicho. Shirika likafa kifo cha kawaida, yaani liliugua muda mrefu na kila waziri akaja kulitazama na kuondoka akitikisa kichwa. Siku ya mnada, Mama Mwavuli alirudi nyumbani na cherehani nzito ya kushonea ngozi na turubai, ameifunga kwenye mkokoteni kama mgonjwa.

Kisha zikaja ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Serikali nyingine, waziri mwingine, akatoa ruzuku kwa wakulima, na anga ikajaa ndege ndogo za manjano zikipiga mbizi juu ya pamba. Mama Mwavuli alizishonea maturubai ya kufunika injini. Akapata wateja, akapata jina. Halafu waziri akabadilishwa, ruzuku ikafutwa, na zile ndege zikaondoka bila kuaga, zimemwachia rundo la maturubai yanayofanana na nguo za jitu lililohama.

Kutokana na hayo mawili alijijengea falsafa yake, na aliisema kwa yeyote aliyekaa karakanani zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

"Ndege haiangushwi na upepo," alisema. "Upepo rubani anaujua. Ndege huangushwa mezani, watu wamekaa, wamevaa tai."

"Na wakati mwingine huinuliwa hapohapo mezani," wifi yake angemkumbusha. "Usiwe mchoyo wa shukrani. Hii miavuli ilianzia wapi?"

Ilianzia mezani kweli, na kabla ya meza, harusini. Mtoto wa mkubwa mmoja alikuwa akioa, na mpiga picha akaleta ndege nyuki ya kupiga picha kutoka juu. Ikazimika. Ikatua katikati ya keki, bibi harusi akiwa bado ameshika kisu. Hakuumia mtu, lakini baba wa bwana harusi alikuwa na kiti katika kamati fulani, na kabla mwezi haujaisha ikatoka kanuni: hakuna ndege nyuki itakayopita juu ya nyumba za watu bila kuwa na parachuti iliyokaguliwa. Ukizunguka dunia utakuta kila kanuni ina mtu wake aliyewahi kushtuka. Ya mji ule ilikuwa na keki.

Kanuni haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa upande wa pili wa barabara, kwenye ofisi ya forodha. Huko, parachuti ilikuwa imeorodheshwa pamoja na mashua za starehe na fimbo za gofu, kwa imani kwamba anayehitaji kitu cha kuangukia ni tajiri anayetafuta raha. Ushuru wake ulikuwa wa kutia machozi. Basi meza moja ikasema lazima uwe na parachuti, na meza nyingine ikasema ukithubutu kuileta utakoma.

Kampuni ya ndege nyuki ikabaki inazungukazunguka, maana ndiyo hasa ilichofanya. Ghala la damu lilikuwa juu ya kilima, hospitali ilikuwa katikati ya mji, na kati yake kulikuwa na nyumba. Njia iliyonyooka ilikuwa fupi mno. Njia iliyoruhusiwa ilifuata mto, ikazunguka mashamba, na betri ikaishia kwenye daraja. Pale nyuki ilitua, na mwendesha pikipiki akabeba kiboksi cha damu kwenda nacho mjini, akipiga honi. Teknolojia ya kesho ikamalizia safari yake kwa pikipiki ya juzi.

Injinia wa kampuni, binti mrefu mwenye miwani na subira, alitafuta mjini mtu wa kushona kitu kama hicho. Kila alipouliza alielekezwa kwa mwanamke mwenye cherehani ya turubai. Alifika na parachuti moja ya mfano, imechakaa. Mama Mwavuli akaifumua mshono kwa mshono, akaitandaza sakafuni, akaitembelea pekupeku.

"Mwanangu," akasema, "hii ni sketi tu. Ila ni sketi inayojua kazi."

Walihangaika pamoja muda mrefu, Injinia na hesabu zake za uzito na upepo, yeye na mikasi yake. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilijifunga kama soksi. Nyingine ilifunguka vizuri sana, ikaichukua nyuki mpaka kijiji cha pili, wakarudishiwa na mchungaji wa mbuzi aliyetaka kujua kama kuna nyingine. Mwisho wakapata moja iliyofunguka kila mara. Kilichobaki ni kibali.

Na kibali ndicho kilichokuwa kila kitu. Wenye kampuni, waliokaa ng'ambo, walikuwa wameandika kwa upole wa watu wanaomaanisha: kibali kisipopatikana kabla mwezi haujaisha, mitambo itafungwa kwenye makasha na kupelekwa nchi nyingine yenye sheria nyepesi. Injinia alimsomea Mama Mwavuli maneno hayo, kisha wote wawili wakatazama rafu iliyojaa miavuli.

"Mara ya tatu," Mama Mwavuli alisema taratibu. "Viti, maturubai, na hii. Sasa na hawa wakiondoka, mwanangu, mimi sitashona tena kitu kinachoruka. Nitashona mapazia."

Majaribio yalikuwa mawili, na mwavuli uleule ulitakiwa ufunguke mara zote mbili, kwa kuwa angani nako hakuna mwavuli wa kutumia mara moja na kutupa. Mkaguzi wa mamlaka ya anga alikuja, akachagua mmoja rafuni bila kuangalia, akaupiga muhuri wa zambarau. Mzee huyu aliitwa Kifungu, jina la utani ambalo alilijua na kulipenda, kwa kuwa hakuwahi kujibu swali lolote, hata la chai, bila kutaja kifungu cha kanuni. Jaribio la kwanza lilifanyika kiwanjani wakiwa peke yao. Mwavuli ulifunguka kama ua. Ukatua kwenye tope.

La pili lingekuwa mbele ya Katibu Mkuu wa wizara. Mama Mwavuli akaupeleka ule mwavuli nyumbani, akaufua kwa maji baridi na sabuni kidogo, akauanika kivulini, akarudi karakanani kumalizia mikanda.

Hapo ndipo mumewe anapoingia.

Mumewe alikuwa dobi. Si dobi wa kuosha na kurudisha tu. Alikuwa dobi hasa, ambaye angeweza kukuambia hakimu fulani amenenepa, mwalimu fulani ameachwa, kwa kushika mashati yao. Aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisilonyooka ukilipata na unyevu kidogo na pasi ya kutosha. Kwa maneno hakuwa hodari. Tangu waoane hakuwahi kumwambia mkewe kwamba ni mzuri, lakini mkewe hakuwahi kutoka nje na kola iliyolala, hata siku za misiba, hata siku waliyokuwa wamenuniana. Akikasirika sana, alimpigia pasi akiwa amegeukia ukutani.

Jioni ile mkewe alimkuta na kifurushi mkononi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi, kama alivyowafungia wateja wake wa maana.

"Mzigo wako wa kesho," alisema. "Tayari."

"Ahsante, baba watoto. Ulikauka?"

"Ulikauka," alijibu, na muda wote wa chakula alikuwa akitabasamu peke yake. Mkewe akadhani ni kwa sababu amealikwa kwenye shughuli ya wakubwa.

Kesho yake asubuhi, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege nje ya mji, turubai lilisimamishwa, viti vikapangwa. Katibu Mkuu alifika mapema, jambo lililowashtua waliomwandalia, akatangaza kwamba ataondoka kabla ya adhuhuri kwa kuwa ana kikao. Daktari wa hospitali alikuwepo. Kifungu alikuwepo, na kitabu chake cha kanuni kwapani. Dobi alikaa mstari wa nyuma ndani ya suti iliyonyooka kiasi kwamba alishindwa kukunja magoti vizuri.

Kanuni ilitaka mwavuli ukunjwe mbele ya macho ya mkaguzi. Mama Mwavuli akaweka kifurushi mezani, akakata uzi, akafunua karatasi.

Nailoni ni kitambaa cha majimaji. Ukiitoa mfukoni humwagika. Hii haikumwagika. Ilikaa palepale, mraba, pembe nne kali, ule muhuri wa zambarau uking'aa juu yake kama medali. Aliigusa kwa kidole. Ikasimama.

"Wifi," alinong'ona. "Shika hapa."

Wifi akashika na kuvuta. Kitambaa kikalia kwaru, kama karatasi mpya. Wifi akafumba macho.

"Kaka yangu," alisema. "Jamani, kaka yangu yule!"

Mama Mwavuli alipita katikati ya viti, akitabasamu kwa watu, mpaka mstari wa nyuma. Akainama kana kwamba anamwekea mumewe tai sawa.

"Baba watoto. Ulifanya nini kwenye ule mwavuli?"

Uso wa mumewe ukachanua. "Umeona, eeh? Nilitia wanga kidogo, nikapiga na pasi. Sikutaka uje mbele ya Katibu Mkuu na kitu kimekunjamana kama shuka la mgonjwa."

"Wanga."

"Mwepesi tu. Ule wa mashati ya hakimu."

"Baba watoto, mwavuli unafunguka kwa sababu ni laini. Ukiukunja na wanga, pindo linashikana na pindo. Nyuki itaanguka na kifurushi mgongoni."

Tabasamu halikuondoka usoni mwa Dobi mara moja. Lilikwenda kidogokidogo, kama maji yanayonyonywa na mchanga.

"Na pasi?" mkewe aliuliza. "Ulitia moto gani?"

Hapo Dobi akaumia kweli. "Mama, unaniuliza mimi moto wa nailoni? Mdogo kabisa, na kitambaa chenye unyevu juu yake. Nimekosea, lakini mimi si muuaji."

Basi kitambaa kilikuwa salama. Kilichokiharibu ni wanga. Mama Mwavuli alisimama pale, mkono bado uko kwenye tai ya mumewe, akafikiri. Angeweza kuukunja. Kifungu angeangalia mikono yake, asingegusa kitambaa. Pengine upepo wa kuanguka ungeuvunja wanga, mwavuli ukafunguka, kibali kikatoka, na siri ikabaki ya familia. Na pengine usingefunguka. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi ni kama ungefunguka. Angepata kibali cha kupita juu ya vichwa vya watu kwa mwavuli ambao yeye mwenyewe asingethubutu kukaa chini yake. Na akisema, Katibu Mkuu ataondoka, siku nyingine itapangwa mwezi ujao, na mwezi ujao makasha yatakuwa yameshapigwa misumari.

Akamwendea Injinia kwanza, akamwambia. Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaifuta tena.

"Uamuzi ni wako, Mama," alisema mwishowe. "Mimi nikiwa wewe sijui ningefanya nini. Najua tu siwezi kukuambia ukunje."

Wakaenda wote wawili kwa mkaguzi.

"Mheshimiwa," alisema Mama Mwavuli, "mwavuli umetiwa wanga."

Kifungu alimtazama juu ya miwani. "Umetiwa nini?"

"Wanga. Na umepigwa pasi."

"Nani kafanya?"

"Mume wangu. Ni dobi."

"Kwa makusudi gani?"

Mama Mwavuli alitafuta neno, akakosa lingine. "Mapenzi," alisema.

Katibu Mkuu, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anasoma ratiba, alikohoa kwa nguvu. Daktari akageukia upande wa pili, mabega yakimtikisika. Kifungu hakucheka. Alifungua kitabu chake, akalamba kidole, akapekua. Kila mtu alijua anachotafuta: kifungu cha kuahirisha.

"Siwezi kuruhusu mwavuli mwingine," alisema. "Lazima uwe huu wenye muhuri."

"Naelewa, mheshimiwa."

"Na siwezi kuruhusu huu ukunjwe ulivyo." Akafungua ukurasa mwingine. Akasoma, akarudia kusoma, midomo ikicheza. "Lakini mwavuli unaweza kusafishwa kati ya jaribio na jaribio, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kifungu kipo. Mtengenezaji ni nani?"

Injinia aliwahi kabla Mama Mwavuli hajapumua. "Huyu hapa."

"Maelekezo yako yanasemaje?"

"Maji baridi," alisema Mama Mwavuli. "Sabuni kidogo au bila. Kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Kuanika kivulini."

"Basi na ufuliwe," alisema Kifungu, akifunga kitabu. "Ila ufuliwe mbele yangu. Sitaki kusikia habari za nyumbani tena."

Nyuma ya jengo bovu la abiria kulikuwa na bomba lililokuwa bado linatoa maji. Wakapatikana mabeseni kwa mlinzi wa kiwanja. Na mbele ya Katibu Mkuu wa wizara, daktari, na wakubwa wengine ambao walikuja kuona maendeleo ya sayansi ya anga, Dobi akavua koti lake la suti, akamkabidhi dada yake, akakunja mikono ya shati na kuchuchumaa.

Aliyemwona siku ile hatamsahau. Hakusugua, hakukamua. Aliuzamisha mwavuli na kuuinua, akauzamisha na kuuinua, kana kwamba anaubembeleza uyasahau yaliyopita. Akamwaga maji, akachota mengine. Kila baada ya beseni alichukua pembe ya kitambaa na kuigusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Anafanya nini?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Anaonja wanga, mheshimiwa," wifi alimjibu. "Ulimi wake haudanganyiki. Ndiyo maana hawezi kusifu mapishi ya mtu."

"Bado," alisema Dobi. Akachota tena. "Bado kwenye mishono." Akachota tena. Mwishoni akaonja, akatulia macho yamefumba, akaonja pembe nyingine. "Umetoka," alisema. Hakuthubutu kumtazama mkewe.

Jua halikuwepo. Mawingu yalikuwa yamelala chini, na upepo ulikuwa umekwenda zake. Katibu Mkuu akatazama saa. Kifungu akamtazama Katibu Mkuu akitazama saa. Ndipo Injinia alipokwenda mbio kwenye gari lake akarudi na ndege nyuki mbili, akazifunga kwa mikanda kwenye benchi la zege, akazilaza ubavu.

"Shikeni pembe," alisema. "Kazeni miguu."

Akawasha. Mapanga yakazunguka, upepo ukavuma, na mwavuli ukajaa ghafla katikati ya Dobi na dada yake kama tumbo la mtu aliyeshiba.

"Kaka!" wifi alipiga kelele, viatu vikiteleza kwenye majani. "Kaka, ninakwenda!"

"Usiachie!"

"Nikifika mbinguni nitasema ni wewe!"

Daktari alimwahi, akamshika kiuno. Katibu Mkuu naye, kabla hajakumbuka cheo chake, akawa ameshika pembe ya tatu, tai imeruka begani. Wakasimama hivyo, wamening'inia kwenye kitambaa cheupe, mpaka kikakauka na kuanza tena kuteleza mikononi kama maji.

Mama Mwavuli akakunja. Katibu Mkuu, akihema, akamwambia, "Pole kwa kazi, mama," asijibiwe. Wifi akamnong'oneza, "Anakunja, mheshimiwa," na Katibu Mkuu, ambaye haikuwa kawaida yake kunyamazishwa, akarudi nyuma hatua na kufunga mikono.

Nyuki ikapaa ikiwa na chupa za maji badala ya damu. Ilipanda mpaka ikawa doa. Injinia akamtazama Kifungu, Kifungu akaitikia kwa kichwa, Injinia akazima.

Sauti ilikatika. Doa likaanza kuwa kubwa. Kitu cheupe kikachomoka mgongoni mwake, kirefu, chembamba, kikitetemeka kama soksi kwenye kamba. Hakikupanuka. Dobi aliziba uso kwa viganja vyote viwili. Mama Mwavuli hakuziba. Alikuwa akikunjua vidole vyake hewani, pindo kwa pindo, akiufungulia mwavuli kutoka chini.

Ukafunguka. Walisikia kishindo chake kabla ya kuamini, pwaa, na ile ndege ikaning'inia, ikayumba, ikaanza kushuka na kutua kwenye nyasi. Ilitua kwa nguvu kidogo kuliko mara ya kwanza. Kifungu alikwenda peke yake, akapiga magoti, akasoma kipimo, akatoa chupa moja moja na kuziinua kwenye mwanga. Alirudi akitembea polepole kiasi cha kumfanya Injinia ang'ate kucha.

"Umechelewa kufunguka," alisema. "Lakini umo ndani ya kipimo. Umepita."

Kibali kilitoka juma lile, na masharti yake: njia moja tu, ya kilima mpaka hospitali; mchana tu; kila mwavuli ukunjwe na mtu aliyepasishwa. Kifungu aliongeza lingine kwa mkono wake mwenyewe, la kukataza wanga na pasi, na kutaka ufuaji wote ufanywe na mfuaji aliyesajiliwa. Kwa kuwa mfuaji wa aina hiyo hakuwepo nchini, ikabidi wamsajili mmoja. Hivyo ndivyo Dobi alivyoingia katika usafiri wa anga.

Usiku wa siku kibali kilipotoka, walirudi nyumbani pamoja kutoka karakanani. Karibu na mlango ndipo Dobi aliposema, "Kwa hiyo wameruhusu?"

"Wameruhusu kwa masharti."

"Aa. Hata baba yako aliniruhusu kwa masharti."

"Na hujayatimiza mpaka leo," alisema mkewe, akamshika mkono.

Meza haikulala, kama kawaida yake. Bajeti iliyofuata iliondoa ushuru wa parachuti, baada ya mtu fulani kugundua kwamba si fimbo za gofu. Wenye kampuni wakauliza mara moja bei za ng'ambo, na Mama Mwavuli hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Kisha ikajulikana kwamba zile za ng'ambo, kila zikifunguka, lazima zirudishwe kwao kukunjwa upya. Kila mara mwavuli ukisafiri, nyuki ingekaa chini inasubiri, na hospitali haisubiri. Wenye kampuni hawakumpenda Mama Mwavuli, wala hawakumchukia. Walipiga hesabu, na safari hii hesabu ilikaa upande wake. Hakujidanganya kwamba itakaa hapo milele. Aliwachukua wasichana wawili akaanza kuwafundisha kukunja, ili meza ikigeuka tena ikute mikono mingi.

Asubuhi nyuki ya kwanza ilipopita juu ya nyumba, mtaa mzima ulitoka nje, shingo nyuma, midomo wazi. Mama Mwavuli naye alitoka, uzi bado uko mdomoni. Jirani yake alikuwa amesimama chini ya kamba iliyojaa shuka mbichi, mkono juu ya macho, akikifuata kile kidude kwa wasiwasi.

"Sasa mama," alisema, "kikituangukia je?"

Mama Mwavuli alitoa uzi mdomoni.

"Kitakuja polepole, jirani. Utapata muda wa kuanua nguo."